Mkalimani wa Tumbo Langu

Jumatatu, 22 Aprili

Tangazo la kifo. Kwa masikitiko makubwa, mimi Mwavita, fundi cherehani wa Kamembe, Rwanda, kwa niaba ya tumbo langu na mgongo wangu, natangaza kifo cha chupa ya mpira ya maji ya moto, nyekundu, mzaliwa wa Bukavu, kilichotokea leo alfajiri kitandani. Marehemu alipasuka akiwa kazini. Ameacha mjane mmoja na kizibo kimoja. Amekwisha zikwa nyuma ya choo. Hakuna matanga.

Godoro limelowa. Mume wangu Kamali aliamka akadhani ni mtoto amekojoa. Shamsa ana miaka minane na mpaka sasa hajamsamehe baba yake.

Tangu asubuhi nimerudi kwenye njia ya zamani: napiga pasi kitambaa kizito, nakikunja, nakiweka tumboni chini ya gauni, nashona. Kikipoa, pasi tena. Mteja mmoja akaniambia, Mama Shamsa, wewe kweli unapenda nguo zilizonyooka. Nikasema ndiyo.

Siku zangu za mwezi, ndiyo. Lakini si hizo tu! Wiki moja kabla, nyonga ya kushoto inaanza kunivuta kama uzi uliokwama. Na kwenda chooni — kama nimemeza sindano za cherehani. Ni tangu usichana. Kituo cha afya waliniambia: olewa, itaisha. Nikaolewa. Zaa, itaisha. Nikazaa Shamsa. Sasa wanasema zaa wa pili. Nimeuelewa mpango wao: nikifika wa kumi nitakuwa mzee na itaisha yenyewe.

Ninachotaka ni kidogo. Mtu mwenye koti jeupe aniangalie aseme: ndiyo, unaumwa, na ugonjwa wako ni huu. Basi.

Jumatano, 24 Aprili

Mama mkwe amekuja kutoka Gihundwe. Kwa miguu, kama kawaida. Hapandi pikipiki. Anasema pikipiki ni za wahuni na wanawake wasio na haya. Akakaa anavyokaa siku zote: paja moja kitini, jingine hewani, kama balozi aliyepita kusalimia tu. Nusu ya kiti hubaki bure. Nimewahi kufikiri kumshonea mto wa nusu.

Hukumu ameshaitoa: nimelishwa sumu. Hapa kwetu kila tumbo lisiloeleweka ni jirani amelilisha kitu. Huko Nkanka kuna bibi anayetapisha watu. Kesho twende.

Kamali akatazama dari. Kamali ni mtu mwema. Anaendesha lori la saruji kutoka Muganza, wiki nzima anasikia injini, kwa hiyo akiwa nyumbani anapenda amani kuliko mke.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimetapishwa.

Kikombe cha plastiki, maji ya kijani, majani gani sijui. Bibi akaniinamisha juu ya beseni akinisugua mgongo na kunong'ona. Vikatoka chai na kipande cha chapati.

"Unaona!" mama mkwe akaruka. "Unaona ile nyeupe nyeupe!"

"Mama, hiyo ni chapati yako ya asubuhi."

"Nyamaza. Sumu ndiyo inasema kwa mdomo wako."

Tulipokuwa tunapanda kurudi barabarani alisimama mara nyingi, mkono kwenye ukingo wa njia, anatazama ziwa. Akasema ziwa ni zuri. Mama mkwe! Ambaye sijawahi kumsikia akisifu hata harusi ya mwanawe.

Tumbo linauma pale pale. Sasa na koo pia.

Alhamisi, 2 Mei

Kituo cha afya wamechoka kuniona, wamenipa karatasi ya kwenda hospitali. Ushindi! Nilivaa gauni langu la zambarau, lile la mikono ya kupuliza. Hina mkononi. Wanja kidogo. Mtu haendi mbele ya daktari kama anaenda kuomba chumvi. Tena mimi ndimi tangazo la duka langu.

Nesi wa mlangoni, Dative, namfahamu, nilimshonea sare. Kabla ya kuniuliza ninaumwa nini, aliuliza ile mikono inashonwaje.

Mbele yangu kulikuwa na maman mmoja kutoka ng'ambo, Mkongomani, Kinyarwanda hajui hata cha kuomba maji. Dative akaitwa amtafsirie. Mlango haukufungika vizuri — mimi sikusukuma, ulikuwa hivyo. Daktari aliuliza! Akauliza tena! Inaanzia wapi? Inaenda wapi? Chooni je? Na mume je? Mpaka mguu wangu ukafa ganzi kwenye benchi. Maman akatoka na karatasi ya ekografi, ile picha ya tumbo.

Zamu yangu. Docteur Muhire ni kijana, wa Kigali, viatu safi, macho kwenye kompyuta. Nikamsalimu. Nikajieleza kwa Kinyarwanda nilicholelewa nacho, na kwa Kinyarwanda, mbele ya mwanamume asiye wako, maneno ya chini ya kiuno yanavalishwa nguo. Hedhi huitwa mihango, kama vile kuna ngoma na wageni. Mambo ya mke na mume yanasemwa kama kazi ya fundi anayefunga fito za ukuta. Nikasema basi kwamba naumwa tumboni, hasa wakati wa mihango, na kwamba fito hazifungiki vizuri. Akawa mwekundu masikioni. Mimi pia. Tukaharakishana, kila mtu akimwonea mwenzake huruma.

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Ongeza."

Vidonda vya tumbo, ameandika. Dawa ya kutuliza asidi na paracetamol. Nilipotoka, benchi lilikuwa bado na joto langu.

Ijumaa, 3 Mei

Nimelala nikifikiri, nimeamka nikifikiri, nimeshona mfuko wa suruali nje ndani kwa kufikiri.

Yule maman wa ng'ambo hakuwa mgonjwa kuliko mimi. Alitembea vizuri. Alikula ndizi. Alichonizidi ni kwamba hakueleweka. Neno lake lilipita kwa mtu wa pili, kila mmoja akaligeuza, akalipima, akauliza tena. Langu lilipita moja kwa moja na kutokea upande wa pili.

Nimegundua ugonjwa wangu. Naeleweka haraka mno.

Jumamosi, 11 Mei

Reine amevuka na vitenge. Reine ni wa Bukavu, anauza upande huu tangu kabla sijaolewa, sauti yake inafika mpakani kabla yake. Yeye ndiye aliyeniletea marehemu ile chupa. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakalia vitambaa vyangu.

"Weye, ma chérie, shida yako iko moja tu: unaongea muzuri. Muntu mwenye kuumia haongeake muzuri! Ndiyo maana banakutupia paracétamol kama vile kuku banamutupia mahindi."

Nikamwambia mpango. Nitakwenda tena. Safari hii mimi ni mwanamke wa Kiswahili tu, Kinyarwanda sijui, yeye ndiye mkalimani.

"Na ile Kinyarwanda yangu ya soko?"

"Hiyo hiyo."

Tukafanya mazoezi. Ninasema Kiswahili, yeye anageuza. Nilipomsikia nilitaka kujificha chini ya cherehani. Kila kitu anakiita jina lake. Damu ni damu. Choo ni choo. Nikamwomba atafute neno la heshima.

"La heshima siko nalo," akasema. "Kwa soko hawakuniuzia."

Nikamtazama. Nikaona kwamba Mungu ameniletea daktari kabla ya daktari.

Akanikataza gauni la zambarau pia. "Utavaa ile yenye unafulia. Na usipake wanja. Unataka kutibiwa ao unataka kuolewa?"

Jumanne, 14 Mei

Niandike yote kabla sijasahau!

Khanga ya kufulia, ndala, uso mtupu. Reine kando yangu amejipamba kwa wote wawili. Dative alitutazama mlangoni. Alinitazama mimi. Huyu nimempima kiuno kwa Kinyarwanda! Reine akamwambia kwa sauti ya mnada kwamba maman huyu hajui lugha. Dative akarudia polepole: hajui lugha. Akatufungulia mlango.

Docteur Muhire hakunikumbuka. Kiti kile kile. Bila mikono ya kupuliza sikuwa mtu yule.

Akauliza shida ni nini. Reine akanigeukia, nikamwambia Kiswahili, chini chini, kama ninavyomwambia kila siku. Akamgeukia daktari. Akaweka maneno mezani moja moja, kama nyanya kwenye mizani:

"Docteur, mume wake akimwingilia, anasikia kisu. Akienda choo kikubwa siku za damu, analia. Wiki moja mbele ya damu, nyonga ya kushoto. Anashona na kitambaa cha moto tumboni, akitoa hiki anaweka kingine."

Nikaangalia sakafu. Nilidhani dari litaanguka. Dari likakaa.

Halafu — akauacha ule ubao wa kompyuta! Akageuza kiti. Na kwa kuwa anaongea na Reine, si na mimi, hana haya tena! Muulize kisu kinaingia juu au ndani kabisa. Muulize damu ikoje. Muulize mama yake naye alikuwa hivyo? Mama yangu! Hakuna aliyewahi kuuliza. Mama yangu alikuwa anakaa siku mbili kila mwezi amelala juu ya tofali la moto lililofungwa gunia, na sisi tulidhani ndivyo akina mama wanavyopumzika.

Kazi ngumu haikuwa kusema. Kazi ilikuwa kungoja! Swali nalisikia kwa Kinyarwanda, jibu liko ulimini, na lazima nikae na uso wa mbuzi mpaka Reine amalize. Mara mbili nilikaribia kutikisa kichwa mapema. Naye Reine alipoona biashara inakwenda vizuri akaanza kuongeza bidhaa. Nikasikia anamwambia daktari kwamba nimezimia kanisani. Mimi! Mwislamu! Nikamfinya paja. Akasahihisha: sokoni.

Kisha daktari akamwita Dative pembeni, akamwambia kwa Kinyarwanda, kwa uchungu wa kweli, "Lakini kwa nini wanawake hawa hawaji mapema? Miaka yote hii, kwa nini hakuja?"

Nilimeza. Nikameza tena. Nimewahi kumeza sindano? Sasa najua inavyokuwa.

Ekografi ilifanywa. Haionyeshi kitu kikubwa, akasema — nikaganda, nikajua sasa inakuja paracetamol — lakini haionyeshi si maana yake hakuna. Hayo ni maneno yake! Mwishoni mwa mwezi anakuja mtaalamu wa akina mama, ameniandika niwe wa kwanza. Na akamwambia Reine: mwambie dada yako pole sana.

Mlangoni Dative akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Pole, mama, kwa kukosa lugha." Uso wake kama kitambaa kilichotoka kwenye pasi sasa hivi. Hakuna mkunjo hata mmoja.

Jumatano, 15 Mei

Dative amekuja dukani. Kwa Kinyarwanda: "Naona ulimi umerudi."

Nikasema alhamdulillah.

Anataka gauni lenye mikono kama ile ya zambarau. Nitamshonea kabla ya watu wote wa Rusizi.

Jumatatu, 20 Mei

Siku zangu. Nimefunga duka. Hakuna zaidi.

Jumanne, 28 Mei

Mtaalamu. Nilitarajia mzee mwenye mvi. Ni mwanamke! Docteur Uwimbabazi, miwani imefungwa mnyororo shingoni, mikono ya mtu aliyewahi kukanda mihogo. Mimi na Reine tukaanza mchezo wetu. Khanga, ndala, uso wa mbuzi.

Ulikwenda vizuri mpaka Reine alipokuwa anahadithia bibi wa Nkanka, sumu na chapati. Daktari akasikiliza, akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, bila kuinua macho: "Natumaini chapati ilipona."

Nikacheka. Nikacheka kabla Reine hajafungua mdomo.

Docteur Uwimbabazi akavaa miwani. Akanitazama juu yake, halafu chini yake. Akamwambia Reine, "Maman, asante, umefanya kazi nzuri. Nenda ukapumzike nje."

Reine akatoka akijipepea. Nikabaki peke yangu na lugha yangu.

"Haya," akasema. "Sasa wewe."

Nilianza na mihango. Mdomo wenyewe ulianza, kwa mazoea. Akangoja tu. Hakuandika, hakunisaidia. Nikasikia ile sauti ya Reine kichwani, ile ya mnada. Nikasema damu. Nikasema choo. Nikasema mume wangu akinigusa nahesabu mbao za dari, na kwamba nampenda, na kwamba hajui. Kwa Kinyarwanda! Maneno yalitoka uchi, yakasimama pale katikati ya chumba, na hakuna aliyekufa.

Kisha akanipima. Akaweka kidole mahali pamoja na kabla hajabonyeza akasema, "Hapa." Hakuuliza. Alijua! Nikapiga kelele mpaka Reine akagonga mlango.

Endometriosi. Nimemwomba anirudie mpaka nimeliweza. Nyama ya ndani ya mji wa uzazi imeota nje, mahali si pake, na kila mwezi inatoka damu huko huko pasipo na mlango. Si vidonda vya tumbo. Si sumu. Si kukosa mtoto wa pili. Amenipa vidonge, na Agosti nitakwenda hospitali kubwa ya Huye watie kamera ndogo tumboni, waone, wakate kinachokatika. Hakuniahidi kwamba itaisha. Alisema tutaishika.

Nje nilimwambia Reine jina. Akalijaribu. "Eh! Iko jina ya mzungu mukubwa. Weye hukuwa mugonjwa wa bure."

Nimerudi nyumbani kwa miguu na tumbo linauma kila hatua na sijawahi kutembea vizuri hivi tangu nizaliwe.

Jumatano, 29 Mei

Nimewaambia.

Kamali alikunywa chai yake yote. Kisha akasema, kumbe ulikuwa unaumwa kweli. Kweli! Nilikuwa na majibu tisa, yote mazuri, niliyokuwa nimeyaweka akiba tangu harusi. Nikamwona amekamata kikombe kwa mikono miwili. Nikayarudisha akibani. Nikamweleza na lile la mbao za dari. Akatoka nje, akawa anaosha lori ambalo halikuwa chafu. Aliporudi alisema, mbona hukuniambia? Nikasema: nilikuambia. Kwa Kinyarwanda kizuri.

Mama mkwe alisikiliza kwa paja moja. Akauliza jina lile tena. Akasema ni refu. Naona ameliheshimu. Hajataja Nkanka. Kuhusu vidonge alisema tu, hata sumu inatolewa kwa sumu — huyo hashindwi.

Jumapili, 16 Juni

Idi! Na wiki ya maumivu ni hii, tarehe zinaangukia hapa hapa. Nilikuwa nimeingoja kama mtu anayengoja wageni wabaya, nimeshakunja vitambaa, nimepanga pasi. Nyonga imenivuta, ndiyo. Imenivuta kama mtoto anayevuta khanga ya mama yake sokoni, si kama zamani. Nimesimama jikoni asubuhi mpaka adhuhuri nikikaanga nyama. Nimesimama!

Gauni la zambarau. Hina. Wanja mpaka masikioni.

Wanawake wa mtaa wamejaa ukumbini. Walikuja kwa nyama, walikaa kwa endometriosi. Kwa sababu nilisema. Sahani mkononi, nikasema yote, kama nyanya kwenye mizani. Kuna waliojifunika uso kwa mtandio. Kuna mmoja aliyejifunika halafu akafunua jicho moja. Jirani yangu akasema, mimi naambiwa ni malaria kila mwezi. Mwingine: mimi naambiwa ni mawazo. Shangazi yake Kamali: mimi naambiwa ni shetani, na shetani mwenyewe amechoka. Tukacheka mpaka wanaume wakachungulia. Wakauliza tulifanyaje na daktari, na Reine, ambaye hana Idi lakini hana nyama anayoikosa, akasimama akaigiza mambo yote, mimi na uso wa mbuzi, daktari na masikio mekundu. Akapigiwa vigelegele. Amekwisha pata oda nne za ukalimani.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa kwenye kona, nusu kiti.

Jumatano, 26 Juni

Mama mkwe amekuja dukani. Peke yake, mchana, saa ambayo hana sababu. Akashika kitambaa hiki, akashika kile. Akauliza bei ya kifungo.

Kisha akasema, akiangalia barabara: "Ile pikipiki."

"Pikipiki gani, mama?"

"Nasema ni za wahuni. Si za wahuni. Siwezi kukalia."

Nikazima cherehani.

Tangu amzae Kamali. Kitu kinamshuka huko chini. Akisimama muda mrefu kinashuka, akipanda mlima kinashuka, anakirudisha kwa mkono na kusema bismillahi. Kamali ana miaka thelathini na nane. Marehemu mumewe hakujua. Aliwahi kwenda kituo mara moja, akasema anaumwa mgongo. Wakampa dawa ya mgongo. "Ilikuwa nzuri," akasema. "Mgongo haujaniuma tena."

Nikamwona tena kule Nkanka, mkono kwenye ukingo wa njia, anasifu ziwa.

Nilitaka kumkumbatia lakini sisi si watu wa hivyo. Nikamwekea mto kitini, nikautoboa katikati kwanza kwa mkasi. Akakaa. Akakaa mapaja yote mawili. Sijawahi kumwona anajaza kiti.

"Nitasema nini mbele ya yule daktari mtoto?" akasema. "Nimemzidi hata mama yake."

Nikamwambia hatasema kitu. Kuanzia leo hajui Kinyarwanda.

"Mimi? Niliyekufundisha wewe kusalimia?"

"Hata neno, mama. Utaniambia mimi Kiswahili, nami nitamwambia."

Akafikiri. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama itabidi avae ndala.

Jumatatu, 8 Julai

Naandika kwenye benchi la hospitali, daftari magotini, kalamu ya chaki ya fundi kwa sababu ile nyingine Shamsa ameiba.

Mama mkwe kulia kwangu. Khanga ya kufulia, ndala zangu. Amekuja kwa teksi ya Kamali, mwanawe mwenyewe ameikodi, hakuuliza kwa nini, ameanza kujifunza. Tangu tuondoke nyumbani hajasema neno la Kinyarwanda. Mlinzi alimsalimu, akamtazama kama ukuta. Anazidi hata mimi! Usiku kucha amefanya mazoezi ya kile atakachoniambia, asubuhi akanisemea jikoni mara moja, bila kusita, akishika meza. Ametaja kila kitu jina lake. Nilijifanya napuliza chai.

Docteur Muhire ni mwema, nimemwambia. Akisikia kwa mkalimani anageuza kiti chote. Utaona.

Na si sisi tu. Nimehesabu kwa jicho bila kugeuza shingo. Jirani wa malaria yuko hapa na dada yake. Shangazi wa shetani yuko na Reine. Mwanamke anayeuza mkaa, aliyezaliwa nyuma ya msikiti na kumtukana kila dereva wa mji huu kwa Kinyarwanda kisafi, ameketi anatabasamu kama mgeni kutoka Kisangani. Benchi zima. Khanga za kufulia, nyuso za mbuzi. Asubuhi moja tu, na wanawake wote wa Kamembe wamesahau lugha. Kila mmoja na mkalimani wake kando. Tunasalimiana kwa nyusi.

Dative amepita na mafaili. Gauni la mikono ya kupuliza chini ya koti, linamkaa vizuri. Ametutazama kuanzia mwanzo wa benchi mpaka mwisho. Hana mkunjo usoni. Lakini sikupenda alivyorudi kunitazama mimi.

Mlango umefunguka. Anayetoka si Docteur Muhire. Ni mwanamume mfupi, wa makamo, kalamu mbili mfukoni. Dative anasema Docteur Muhire ameitwa Kigali masomoni tangu juzi, huyu ndiye aliyechukua nafasi yake, amekulia Bukavu.

Ameangalia benchi. Ametabasamu.

"Jambo ba maman! Nani iko wa kwanza? Muingie moja moja, bale bengine bangojee inje."

Mama mkwe amenishika mkono. Wa kwanza ni yeye.

Daktari mpya anajua Kiswahili.